Kompyuta Tano, Wifi Mmoja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku kubwa. Nimejiteua.

Kikao cha asubuhi, maktabani. Mkuu wa maktaba ametangaza kwamba kompyuta tano za chumba cha wasomaji zitaondolewa. Mfumo wake umezeeka, walioutengeneza hawautunzi tena, na kuwasha moja tu ni kazi ya nusu saa. Chumba kitageuzwa stoo ya viti vibovu. Kamati inakuja Jumatatu ijayo kupitisha.

Mimi nikamfikiria Mwalimu, mstaafu wetu, ambaye kwa miaka miwili sasa kila asubuhi anakaa kwenye kompyuta namba tatu akiandika kitabu cha maisha yake kwa kidole kimoja. Anaiwasha, anakwenda kusoma gazeti zima, anarudi, bado inajikuna.

Nikajifikiria na mimi. Miaka kumi na tisa narudisha vitabu rafuni. Na chumba cha kompyuta hakijawahi kuwa na msimamizi.

Nikasimama. Nikasema upo mfumo huria, haununuliwi, mwepesi kama unyoya, unafufua hata kompyuta iliyokwisha kusomewa hitima. Nikasema ninaujua. Nilikuwa nimeusoma kwenye gazeti, nusu ukurasa. Nusu ya pili ilikuwa imechanwa.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye anayekaa dawati la kuazimisha vitabu. Akauliza mbele ya watu wote ninaujua kwa kiasi gani. Huyu ana cheti cha kompyuta cha wiki tatu. Amekitundika sebuleni kwake, pale ambapo wenzake hutundika picha ya harusi. Nikamjibu kwa tabasamu. Mkuu amenipa wiki moja.

Nimetoka kikaoni nikitabasamu mpaka getini.

Jumanne, tarehe 4

Nimeupakua mfumo. Faili moja, zito kama gunia. Nikaliburuta hadi kwenye fleshi, kama mtu anavyotia picha. Nikachomeka, nikawasha. Kompyuta ikafungua mfumo wake wa zamani kwa uvivu wake ule ule. Nikachomeka tundu la pili. Vile vile. Nikaipuliza fleshi. Vile vile.

Maelezo yako mtandaoni, kurasa arobaini. Nimesoma ya kwanza na ya mwisho, katikati ni maneno tu. Kumbe faili hilo halinakiliwi hivi hivi, kuna programu ya kuliandika kwenye fleshi. Kisha kompyuta lazima iambiwe ianzie kwenye fleshi, kwa kubonyeza kitufe fulani mara tu inapowaka. Kitufe kipi? Inategemea kompyuta. Nikalaza mkono mzima juu ya safu ya juu. Ikalia kama kifaranga aliyekanyagwa. Wasomaji wawili wakahama chumba.

Jaribio la tisa, ikafunguka!

Rangi nzuri. Wepesi wa ajabu. Maelezo yanaonya kwamba hapo bado ni kuonjeshwa tu: mfumo unaishi kwenye fleshi, haujahamia ndani. Mimi nikaona umeshazoea. Nikachomoa fleshi. Skrini ikaganda, kishale kikasimama katikati kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Wifi akapita na kikombe chake cha chai. Akauliza kama nimeshachukua nakala za mafaili ya watu. Nikamwambia kila jambo na wakati wake. Akanitazama kidogo, akaenda zake. Nimemshinda.

Jumatano, tarehe 5

Kazi yenyewe. Mwalimu hakuwepo, alikwenda kuchukua miwani mipya, nikaona nianze na kompyuta yake ili kesho nimfurahishe.

Skrini ya kwanza inauliza lugha. Orodha ndefu. Kiswahili kipo, nimekiona kwa macho yangu. Nikakilenga, nikapiga chafya, nikabonyeza ya jirani. Maandishi yote yakageuka, hayana mbele wala nyuma, kama nyayo za ndege kwenye tope. Mtu mwingine angerudi nyuma. Kitufe cha kurudi nacho kilikuwa nyayo za ndege.

Nikatumia akili. Vitufe ni vile vile duniani kote: kushoto hapana, kulia ndiyo. Nikaenda kulia. Kulia, kulia, kulia. Mara moja ikatokea pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao na mistari minne ya maandishi. Nikaichukulia kuwa pongezi. Kulia.

Dakika ishirini tu. Imekwisha! Nikamwita Mkuu. Akaitazama skrini kwa muda, akasema yeye hasomi nyayo. Nikamwambia la msingi ni kwamba inawaka. Akasema hata jiko huwaka.

Wivu. Nikairudia kazi yote kwa Kiswahili. Ni Kiswahili cha robo tatu, panapoishia wameachia Kiingereza, lakini kinasomeka. Ile pembetatu nyekundu nayo safari hii ikasomeka: Data zote zilizomo kwenye diski hii zitafutwa. Nikacheka. Data zipi tena, na mimi nimetoka kuuweka mfumo sasa hivi? Nikabonyeza Endelea.

Namba tatu inawaka kwa nukta arobaini. Nimehesabu mara sita. Nyumbani nimemsimulia mume wangu, ambaye kazi yake ni kutengeneza saa. Amesema nukta arobaini ni nyingi. Watu wa saa hawaridhiki.

Alhamisi, tarehe 6

Nitaandika kifupi.

Mwalimu amekuja saa mbili, miwani mipya puani. Akawasha namba tatu, akafungua gazeti, na kabla hajafika ukurasa wa pili kompyuta ilikuwa tayari inamsubiri. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea dua. Nikaipokea. Kisha akauliza kitabu chake kiko wapi.

Ile pembetatu. Ile ya kwanza.

Akanieleza taratibu, akidhani sijaelewa. Kurasa mia mbili na kumi na mbili. Shule tatu alizofundisha. Paa lililong'oka kwa upepo huku mtihani ukiendelea, na hakuna mwanafunzi aliyeinua kichwa. Vyote vilikuwa humo.

"Nimebakiza sura moja tu, ya mke wangu," akasema. "Nimeikimbia mwaka mzima. Leo nimeamka nikijiona naiweza."

Nikamwambia kitabu kinahama. Mfumo ukihama, mizigo hufuata nyuma, kama watu wanavyohama nyumba. Akauliza kitafika lini. Nikasema Jumamosi. Sijui Jumamosi ilinitokea wapi. Akakunja gazeti lake, akaondoka bila kuandika neno. Nilimwona dirishani amesimama getini, anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Mchana sikula. Nimekitafuta kitabu kila mahali: kwenye mafolda, kwenye pipa la taka la skrini, hata nyuma ya mashine. Wazo la kwanza: nimshauri akiandike upya, waandishi wakubwa ndivyo wafanyavyo. Nikakumbuka kidole chake kimoja. Wazo la pili: virusi. Virusi huletwa na fleshi. Hapa kazini wenye fleshi ni wawili, mimi na Wifi. Mimi siye.

Naanza kuona mwanga.

Ijumaa, tarehe 7

Mfumo umo kwenye zote tano! Ilibidi. Kazi ikianza, imeanza.

Tatizo jipya. Kila kompyuta inaandika: Hakuna wifi. Nikageuka nikatazama. Yupo, pale pale dawatini, anagonga mihuri. Ni ule mtandao wa hewani, ambao waliouanzisha hawakuuliza mtu kabla ya kuupa jina la mawifi zetu. Nikapaza sauti kwamba hakuna wifi. Akaitika kutoka dawatini kwamba yupo. Wasomaji wakacheka hadi Mkuu akatoka ofisini. Kompyuta tano, hakuna hata moja inayomwona. Natamani macho kama hayo.

Maelezo yanasema kinachokosekana ni kiendeshi, kijiprogramu cha kuifundisha kompyuta kudaka mtandao. Kinapatikana wapi? Mtandaoni. Yaani ufunguo wa nyumba umefungiwa ndani ya nyumba.

Mchana, nyumbani, nikamsimulia mamamkwe, tunayekaa naye. Alikuwa opereta wa simu kwa miaka thelathini, akiunganisha watu kwa waya siku nzima. Akauliza kama mashine hiyo haina tundu la waya. Nikamwambia, Mama, siku hizi mambo ya waya yamekwisha. Akalirudia swali lile lile kwa sauti ile ile, kama mtu anayezungumza na mteja wa mbali. Mume wangu akasema, bila kuinua macho kwenye saa ya watu, kwamba tundu lipo, nyuma.

Lipo! Nikavuta waya kutoka ofisi ya Mkuu, nikaupitisha mlangoni. Mkuu amejikwaa mara mbili tu. Mtandao ukaingia. Nikaandika amri ya kuleta kiendeshi. Kompyuta ikaomba neno la siri. Nikaandika. Hakuna kilichotokea kwenye skrini, hata nukta moja. Nikabadilisha kibodi. Hakuna. Nikabadilisha ya tatu, nikaisugua kwa kitambaa. Hakuna. Nikampigia Mama.

"Siri haionekani, ndiyo maana ikaitwa siri," akasema. "Liandike, ubonyeze, unyamaze."

Nikafanya hivyo. Kikashuka! Hadi saa kumi kompyuta zote tano zilikuwa zinaona wifi. Nimeutatua mtandao kwa mikono yangu mwenyewe.

Kesho ni suala la virusi.

Jumamosi, tarehe 8

Nimefika kabla ya Wifi. Mpango: nichukue fleshi yake drooni, niichomeke namba tatu, Mkuu akija aikute pale. Ushahidi wa macho. Kwa Mwalimu nitatoa masikitiko ya maktaba nzima.

Droo yake imepangwa kama duka la dawa. Fleshi ilikuwa imefungwa uzi, na kwenye uzi kikaratasi: Nakala. Tarehe 3 Machi. Kabla hajagusa.

Nikajiuliza ni nani huyo ambaye hakuwa amegusa.

Nikaichomeka. Mafolda matano, moja kwa kila kompyuta. Folda ya tatu, faili moja, kurasa mia mbili na kumi na mbili. Ukurasa wa kwanza, paa linang'oka. Nikakaa chini. Kwa bahati palikuwa na kiti.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake begani. Nikangoja kelele. Hakupiga kelele.

"Jumatatu ulitoka kikaoni unatabasamu," akasema. "Nikajua. Nikakaa nikanakili zote tano. Tangu siku hiyo nakungoja uniulize, wifi yangu."

Niulize! Mimi! Nilitaka kusema asante. Ikatoka, lakini ndogo, pengine hakuisikia. Akavua koti, akavuta kiti, tukarudisha mafaili pamoja, yeye akisoma majina, mimi nikibonyeza. Hakumwambia Mkuu. Sijui ana lengo gani.

Mwalimu akaja saa nne. Nikamwambia mizigo imefika. Akafungua, akashuka mpaka mwisho, akahakikisha sentensi yake ya mwisho ipo. Kisha akaanza sura ile. Kidole kimoja, tk, tk, mpaka tunafunga saa saba. Hakuna aliyemsemesha. Wifi alimwekea maji pembeni akarudi kwa vidole vya miguu.

Kwa hiyo kitabu kimefika Jumamosi, kama nilivyosema. Neno langu ni neno.

Printa peke yake ndiyo imegoma. Nimeijaribu kwa kibao kidogo cha mlangoni, herufi kubwa: MSIMAMIZI WA CHUMBA CHA KOMPYUTA, na jina langu chini. Nimebonyeza Chapa mara kumi na tisa. Kimya. Haijui ilichokikosa.

Jumatatu, tarehe 10

Ushindi! Naandika nimesimama.

Kamati imekuja saa tatu, watu wanne. Mwenyekiti wao ni mama mfupi mwenye daftari, haamini kitu mpaka akiandike. Nilikuwa nimetayarisha maonyesho ya projekta, kurasa kumi na nne, picha yangu kwenye ya kwanza. Nikawasha. Ukutani ikatokea mandhari ya mlima tu. Maonyesho yapo kwenye skrini yangu, ukutani mlima. Nikabonyeza kila kitu. Mlima. Nikawaambia wautazame vizuri mlima ule, kwani mfumo wa zamani haukuwa nao.

Mwenyekiti akafunga daftari. Akasema kwa upole kwamba viti vibovu navyo vinahitaji mahali.

Hapo Mwalimu akainuka kwenye kona yake. Akaomba ruhusa. Akaizima namba tatu, akaiwasha mbele yao, na kwa nukta arobaini kitabu chake kilikuwa wazi. Akasema sura ya mwisho ameianza Jumamosi, katika chumba hiki, na nyumbani kwake haiandikiki. Mwenyekiti akamwomba asome kidogo. Akashusha miwani.

"Barua yangu ya kwanza aliirudisha ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu," akasoma, "na chini yake amenipa saba kwa kumi."

Walicheka wote. Alipoendelea wakaacha kucheka, na alipomaliza ukurasa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukohoa. Mkuu alikuwa anatazama dari. Mwenyekiti akauliza kama anaweza kupewa ukurasa ule akasome nyumbani.

Kuchapa. Printa. Nikaanza kueleza faida za kusoma kwenye skrini. Wifi akasogea, akainama, akaniambia sikioni kwamba printa haijaharibika, imesitishwa tu. Akabonyeza mahali.

Printa ikaamka. Ikatoa kibao cha mlangoni. Ikatoa cha pili. Ikatoa cha tatu. Vyote kumi na tisa, kimoja baada ya kingine, jina langu likidondoka sakafuni mbele ya kamati nzima, ndipo ukatoka ukurasa wa Mwalimu. Nilitamani ardhi inimeze. Wifi alitoka nje, nikamsikia anacheka mpaka akashika nguzo.

Mwenyekiti akaokota kimoja. Akakisoma. Akafungua daftari, akaandika, huku akisema kwa sauti: chumba kibaki, kompyuta zibaki, chini ya Msimamizi wa Chumba cha Kompyuta aliyepo. Akasaini. Mkuu akafungua mdomo. Lakini kilichoandikwa kimeandikwa.

Miaka kumi na tisa, vibao kumi na tisa. Wasiosadiki wasisadiki. Nimewapa wenzangu kila mmoja kimoja.

Jumanne, tarehe 11

Siku yangu ya kwanza kama msimamizi. Kibao kiko mlangoni. Kingine kiko mlango wa choo, kuonyesha njia.

Mkuu ameniita ofisini akanipa sharti moja, kwa maandishi: nisiguse kompyuta yoyote kabla Wifi hajachukua nakala na kutia sahihi. Nikamwambia nimeelewa, nikaikunja ile karatasi vizuri. Tangu lini msimamizi akasubiri sahihi ya dawati la kuazimisha? Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeyatazama yangu. Yote mawili mazima.

Nimegundua jambo la kusikitisha. Kompyuta ya Mkuu mwenyewe, yenye orodha ya vitabu vyote vya maktaba, elfu kumi na moja, pamoja na nani kaazima nini, bado inatumia mfumo wa zamani. Chumba cha wasomaji kinapaa, mwenye nyumba anatambaa. Ni aibu. Na bahati iliyoje: jana limetoka toleo jipya kabisa la mfumo wetu, bado la majaribio, lina rangi nyingi zaidi. Mkuu yuko kwenye kikao cha kamati. Wifi kachukua likizo ya siku moja, anampeleka Mama kliniki.

Maelezo ya toleo hili ni kurasa sitini. Nitayasoma wakati linajiweka. Yanataka nakala kwanza, na nakala ya kompyuta hii ni saa nzima. Mkuu anarudi baada ya dakika hamsini. Hesabu inajieleza yenyewe.

Nimeanza saa nne na robo. Mstari wa kijani umefika nusu.

Nasikia viatu vya Mkuu kwenye ngazi. Kawahi. Nimefunga mlango wa ofisi yake kwa ufunguo, asije akaona kabla haijakamilika akaharibu furaha yake. Anagonga. Nimemwambia angoje kidogo, ni zawadi.